Shajara ya mradi: PS4 tatu na PS3 moja zilizofia banda la gemu

Naandika hii kwa ajili ya mwenye banda mwenzake shemeji yangu, popote alipo, na kwa fundi simu yeyote aliyeletewa PS (PlayStation, mashine ya gemu) kwa mara ya kwanza akajikuta anatoa jasho. Mimi mwenyewe ni fundi simu. Bloa ya hewa moto, mita na kichomeo cha solda ninavyo, lakini kwenye PS nilikuwa sijawahi kuvuka kubadilisha waya. Kazi zilizokwenda sawa nimezipitia haraka. Nilipoharibu nimepaandika kwa urefu, maana ndipo hela ilipopotelea. Bei zote ni shilingi za Tanzania, za Tanga na Kariakoo, mwaka 2024.

9 Machi 2024: Mashine zimeshuka

Shemeji kaleta mashine nne kwa bajaji, zimo ndani ya kiroba. "Shem, zinakufa kama kuku wa kideri," anasema. "Idd ni mwezi ujao. Watoto watakuja na hela zao za sikukuu, mimi niwaonyeshe kioo cheusi?" Banda lake liko Ngamiani, hapa Tanga, televisheni nne, mechi moja mia tatu. Sasa hivi inawaka televisheni moja tu, kwa PS2 ya kuazima.

Nimezibandika namba. Namba 1 ni PS4 nene, CUH-1216A: inacheza dakika ishirini, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, inatoa ujumbe kwamba joto limezidi, halafu inajizima. Namba 2 ni Slim, CUH-2016A: taa nyeupe inawaka vizuri ila televisheni inasema hakuna kinachoingia. Namba 3, CUH-1116A, inagoma kuanza na kuandika CE-34335-0. Namba 4 ni PS3 ya zamani, CECHG04, nzito kama tofali: ukibonyeza inawaka kijani, inapepesa njano, inalia mara tatu, kisha inabaki kupepesa nyekundu. Hiyo njano ndiyo mafundi wanayoiita taa ya kifo.

Manunuzi ya kuanzia: seti ya bisibisi yenye T8 ya tundu katikati 12,000, alkoholi ya kusafishia nusu lita 10,000, pesti ya joto 15,000, betri tatu za CR2032 kwa 3,000. Jumla 40,000. Betri nazibadilisha kila ninapofungua PS4, hata kama ya ndani bado ina uhai. Ni elfu moja tu, na kufungua tena mashine nzima kwa ajili ya betri ya saa ni adhabu.

12 Machi: Namba 1, na dhambi ya kompresa

Kufungua PS4 si kazi. Skrubu za nyuma, kifuniko, pawa saplai, mkanda wa diski, bati, bodi. Piga picha kila hatua kwa simu. Pawa saplai usiifungue: kapasita zake zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya.

Hewa ya PS4 nene inavutwa na feni, inasukumwa kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza chipu), halafu inapita ndani ya pawa saplai na kutokea nyuma. Kwa hiyo vumbi lote la Ngamiani linakwama kwenye mapezi, mahali ambapo huwezi kupaona mpaka utoe bodi. Nilikuta limeshikana kama sufi ya mto. Ningeweza kulichambua kwa brashi nusu saa likaisha.

Badala yake nikatafuta njia ya mkato. Jirani yangu ni fundi pancha, ana kompresa kubwa. Shilingi mia tano. Nikaipuliza mashine ikiwa bado na feni yake. Feni ikazunguka mpaka ikalia kama filimbi, na hapohapo kompresa ikatema maji, maana tangi lake lilikuwa halijamwagwa sijui tangu lini. Matone kwenye bati, matone kwenye bodi. Fundi pancha akaniangalia kwa huruma: "Mimi napulizia mipira, kaka."

Bodi nimeiosha kwa alkoholi na kuiacha siku mbili mbele ya feni ya kawaida. Imepona. Feni yake haikupona: bering imelegea, inakwaruza. Nyingine imetoka Kariakoo kwa basi, 30,000, na kifurushi 5,000. Ukilazimika kupuliza, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno, na usitumie kompresa ya pancha.

16 Machi: Namba 1 tena, mpira mnene

Feni imefika. Nimesafisha, nimepaka pesti mpya kwenye chipu kuu. Vile vipande vya mpira wa kijivu vinavyopeleka joto la chipu za kumbukumbu kwenye bati vilikuwa vimekauka na kuchanika, nikanunua vipya vya milimita 2 kwa 12,000, kwa hoja kwamba mnene ndio bora. Nikafunga, nikawasha. Dakika saba, imejizima. Kabla ya matengenezo ilikuwa inafika ishirini!

Nikafungua tena nikiwa na hasira, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye pesti. Ukinyanyua hitisinki iliyokaa vizuri, pesti inakuwa imetandazwa nyembamba pande zote mbili, kama siagi iliyobanwa katikati ya mikate miwili. Yangu ilikuwa imeguswa kona moja tu. Kwingine kote tone lilibaki vilevile nilivyoliweka, bado na kincha chake juu. Mpira mnene ulilinyanyua bati, bati likainyanyua hitisinki, na chipu kuu ikabaki inapika hewa.

Ningekipima kwanza kipande kizima nilichokitoa! Kilikuwa na milimita 1. Nimenunua vya milimita 1, 12,000 nyingine. Imefungwa, imecheza saa nne mfululizo mezani kwangu baada ya tarawehe, feni haisikiki. Nimempigia shemeji aje achukue. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama itakavyoonekana huko mbele.

19 Machi: Namba 2, tundu la HDMI

Huu ndio ugonjwa wa mabanda. Mtoto kafungwa mabao manne, anavuta mashine kwa hasira, waya wa HDMI, unaopeleka picha kwenye televisheni, unang'oka na ulimi wa ndani ya tundu. Matundu mapya matatu 18,000, flaksi (dawa ya kusaidia solda ishike) 8,000. Nilichukua matatu kwa sababu najijua.

Tundu linashikwa na pini 19 nyembamba na miguu minne minene. Miguu ndiyo shida: imeungana na shaba pana ya bodi, na shaba hiyo inalinywa joto lote la bloa. Fundi anasubiri, solda ya pini imeyeyuka, ya miguu bado, anaona kama inacheza, anavuta. Nilivuta. Tundu lilitoka na kipande kidogo cha shaba kimening'inia kwenye pini, chembamba kuliko unywele.

La pili nililipasha kupita kiasi, plastiki ikapinda: 6,000 zimekwenda. La tatu likakaa vizuri. Picha hakuna.

Hapa mita ndiyo iliyoniokoa. Iweke kwenye alama ya diodi, waya mwekundu kwenye bati, mweusi uguse pini moja moja za tundu. Pini nane zinazobeba picha zinatakiwa zitoe namba zinazokaribiana. Saba zilikaribiana. Pini ya 10 ilinipa OL, yaani hakuna kitu. Hiyo ni moja ya mbili zinazobeba mapigo ya saa, na bila hayo televisheni haijui ianzie wapi kusoma. Ndiyo niliyoing'oa shaba yake.

Nimechomoa waya kutoka kwenye koili ya spika iliyokufa, nikakwangua rangi yake, nikaunga kutoka kwenye pini hadi kwenye kijisehemu cha mbele cha njia ileile. Picha imekuja ikiwa na chenga nyeupe zinazomulika. Waya ulikuwa mrefu, nimeuzungusha kama njia ya ng'ombe. Nikaukata, nikaunyoosha, nikauunga tena ukiwa mfupi kadiri mikono inavyoruhusu. Chenga zimekwisha. Juu nimeweka tone la gundi ya kukausha kwa mwanga, ileile ya kwenye simu.

Kwa watakaofuata: ongeza solda yenye risasi kwenye miguu yote minne kabla ya bloa. Inachanganyika na ile ya kiwandani na kuyeyuka mapema. Pasha bodi nzima taratibu kutoka chini. Tundu likiwa tayari, litashuka lenyewe ukiligusa. Ukihisi unavuta, bado.

21 Machi: Namba 4, taa ya njano

Kila fundi niliyemuuliza kuhusu PS3 alinipa dawa moja: ipige bloa chipu ya picha, itashika. Nikafuata. Flaksi pembeni, karatasi ya aluminiamu kuziba majirani, dakika tano za moto. Nikafunga, nikabonyeza, kijani ikabaki kijani. PES 2013, gemu ya mpira, ikafunguka. Shemeji alinishika mkono kama nimemzalishia mke.

Gharama: sifuri. Nimemwambia aipeleke banda.

24 Machi: Namba 3, diski na bando

Diski kuu ya mashine inagonga: tik, tik, kimya. Umeme unapokatika mashine ikiwa inaandika, diski ya sahani zinazozunguka ndiyo inayoumia kwanza, na miezi ya mgao tuliyotoka nayo haikuwa na huruma. Kuibadilisha ni dakika tano, skrubu moja ile yenye alama za vitufe vinne vya padi. PS4 inapokea yoyote ya SATA ya inchi 2.5 isiyozidi unene wa milimita 9.5. Nimeweka SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 480, 95,000.

Programu ndiyo iliyonichelewesha. Unahitaji flashi yenye folda ya PS4, ndani yake folda ya UPDATE, ndani yake faili la PS4UPDATE.PUP. Nikanunua bando la 2,000, nikashusha faili, nikaliweka. Mashine ikajibu SU-41333-4 na kudai faili lilelile ambalo liko mbele ya macho yake. Nilibadilisha flashi mara mbili, nikaandika upya majina ya folda, nikalaumu SSD. Kumbe mafaili ni mawili na yanaitwa jina moja. Dogo ni la kuboresha mashine ambayo bado ina programu. Kubwa, linalokaribia au kuzidi kidogo GB 1, ni la kupandisha mfumo mzima kwenye diski tupu. Nilikuwa na dogo. Bando jingine, 2,000, na ikapanda.

Kilichokufa na diski hakirudi. Kuna kijana alikuwa na ligi yake humo, misimu sita. Alipoambiwa alikaa kwenye benchi la nje la banda bila kusema kitu. Shemeji kampa mechi tatu za bure. Sasa kila Jumapili kumbukumbu za wachezaji zinanakiliwa kwenye flashi.

27 Machi: Namba 1 imerudi kwenye bajaji

Siku kumi tu. Inajizima. Nimeiwasha mezani saa moja jioni, nikaiacha hadi daku. Haikuzima hata mara moja, na feni yake imetulia.

"Labda inakuogopa," shemeji anasema.

28 Machi: Nilichotakiwa kufanya tarehe 9

Nimekwenda banda mchana. Kwa nini sikwenda siku ya kwanza sina jibu la maana. Fundi simu amezoea kuletewa.

Paa la bati, hakuna dari. Mashine zimo ndani ya makabati ya mbao yaliyopigiliwa ukutani, kila moja na kufuli lake, kwa sababu mwaka juzi iliibwa moja. Mbele kuna tundu la kupitisha waya za padi, nyuma ni ubao mtupu. Mashine inavuta hewa ya kabatini, inaipasha, inaitapika nyuma, hewa inagonga ubao, inarudi mbele, inavutwa tena.

Mita yangu ina waya wa kupima joto. Chumbani nyuzi 33. Nimeuingiza kabatini kwa Namba 2, mlango umefungwa, watoto wawili wanacheza. Baada ya saa moja: 54. Hiyo ni hewa, bado sijagusa chipu. Mezani kwangu jioni hewa ni 28.

Mtoto mmoja akanifunulia la pili bila kujua. "Anko, hiyo ukiizima kidogo inapoa." Kumbe shemeji, kuokoa umeme wa LUKU, anazima mashine kila mteja anapoondoka na kuiwasha anapokuja mwingine. Nimehesabu: kati ya saa nane na saa kumi, Namba 2 imezimwa mara tano. Inafika moto kabisa, inapoa, inafika moto tena. Chuma, plastiki na solda havitanuki sawa. Kila mzunguko wa namna hiyo ni kama kukunja waya mahali pamoja huku na huku.

30 Machi: Makabati

Seremala ametoa ubao wa nyuma wa makabati yote, akayasogeza sentimita kumi na tano kutoka ukutani na kupigilia wavu mzito: ufundi 20,000, wavu 8,000. Wezi bado hawapiti, hewa inapita. Feni mbili za kompyuta za sentimita 12 kwa 20,000, zinakula umeme wa adapta ya ruta iliyokufa, zinavuta hewa kutoka kabatini kwenda nje. Mwanzo nilizifunga kinyume, zikawa zinapuliza kuelekea mgongo wa mashine na kuirudishia joto lake. Shikilia karatasi nyuma ya feni kabla ya kufunga skrubu.

Joto la kabatini, saa ileile, mashine ileile: 38. Tatizo la Namba 1 limekwisha, na sikuigusa tena.

Zima-washa imepigwa marufuku. Mashine zinawashwa banda likifunguliwa na kuzimwa likifungwa. Na UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) moja ya VA 650, 130,000, inabeba PS4 mbili bila televisheni. Si ya kuendelea kucheza gizani. Ni ya kumpa shemeji dakika chache azime mashine kwa utaratibu badala ya diski kukatwa katikati ya sentensi. Namba 3 imekaa kwenye UPS.

1 Aprili: PS3

Shemeji kapiga simu asubuhi: ya njano imerudi kuwa njano. Nikacheka, siku ya wajinga. Hakuwa anatania. Siku kumi na moja tangu bloa.

Nimerudia bloa, na safari hii imeishi siku mbili. Nikaweka chini vifaa, nikaanza kusoma.

Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ilipotoka Novemba 2005 ilikuja na ugonjwa wa duara jekundu, na Julai 2007 Microsoft ikaongeza dhamana ya ugonjwa huo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kuzitengeneza. Watu walizifunga mashine kwenye taulo na kuziwasha mpaka zijipike, zikafufuka siku kadhaa. Mafundi wengi, mimi nikiwemo mpaka wiki hii, tuliamini kinachokatika ni vinundu vya solda kati ya chipu na bodi, hasa baada ya Ulaya kupiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia 1 Julai 2006. Mwaka 2021, kwenye filamu ya historia yao wenyewe, wahandisi wa Xbox walisema mpasuko ulikuwa ndani ya chipu yenyewe, uliosababishwa na kuwaka na kupoa, kuwaka na kupoa.

Chipu kubwa ina ghorofa mbili. Chini ni kibao chenye vinundu vikubwa kinachokaa kwenye bodi. Juu ya kibao kumekaa kile kipande cheusi chenye akili, kwa vinundu vingi vidogo sana. Kuondoa chipu na kuipanga upya vinundu vya chini hakugusi mpasuko wa ghorofa ya juu. Bloa nayo inavitanua vile vidogo vikagusana kwa muda, vikipoa na kupashwa mara kadhaa vinaachana. Sikuwa nimeitengeneza PS3. Nilikuwa nimeiamsha usingizini.

6 Aprili: Kuiuliza yenyewe

PS3 inaandika kumbukumbu ya makosa kwenye chipu yake ndogo ya usimamizi, na inaweza kusomwa kwa kompyuta. Kifaa cha USB cha TTL, cha kuunganisha bodi na kompyuta, 10,000, kiwekwe kwenye volti 3.3, kamwe si 5. Nyaya tatu zinalehemiwa kwenye vidoti vya bodi: kutuma, kupokea, na bati. Jioni nzima skrini haikuandika hata herufi. Nilikuwa nimeunga kutuma kwa kutuma na kupokea kwa kupokea, watu wawili wanaongea kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Nikazipishanisha, namba zikamiminika.

Nilikuwa naomba nione 1002. Hiyo inaelekeza kwenye umeme wa chipu ya picha, na kwenye PS3 nene mshukiwa wa kwanza ni zile kapasita bapa za NEC/TOKIN, ambazo fundi simu anaweza kuzibadilisha kwa tantalamu. Nikapata 3034, imejirudia mstari kwa mstari. Hiyo mara nyingi ni chipu ya picha yenyewe haiitikii inapoitwa. Kuna wanaong'oa chipu hizi za nanomita 90 na kuweka za 40 za matoleo ya baadaye, kazi nzuri kabisa, lakini inataka mashine ya kupandishia chipu na mkono uliozoea. Vyote sina, na PS3 nzima iliyotumika haifikii gharama hiyo.

Laiti ningeisoma kumbukumbu kabla ya bloa, nisingempa shemeji siku kumi na moja za matumaini.

11 Aprili: Sikukuu

Idd ilikuwa jana. Nilikaa banda kutoka saa tano mpaka magharibi na mita yangu, watoto wakidhani mimi ni mtu wa umeme. Mashine tatu za PS4, foleni mpaka barabarani. Kabati la Namba 1 lilifika 41 saa tisa alasiri na kusimama hapo. Umeme ulikatika mara moja, Namba 3 ikazimwa kwa utaratibu, ikaamka bila malalamiko. Namba 2 walivuta waya mara mbili. Tundu limeshika, lakini nimefunga kipande cha waya wa HDMI kwenye mguu wa meza ili anayevuta aivute meza.

20 Aprili: Padi, na hesabu

Masika imeanza kweli, banda limepoa lenyewe. Nimetumia nafasi kwenye padi sita ambazo mchezaji anatembea peke yake bila kuguswa. Nilijaribu kupuliza alkoholi chini ya kijiti cha kuelekezea mchezaji: nafuu ya siku tatu. Ndani kuna utepe wa kaboni unaokwaruzwa kila kijiti kinaposogea, na wetu ulikuwa umekwanguliwa mpaka unaonekana mng'aro. Moduli mpya 3,000 kila moja, 18,000. Miguu kumi na minne ya kulehemu kwa kila moja: nyonya solda yote kabla ya kuing'oa, bodi ya padi ni laini kuliko inavyoonekana. Mbili zilikaa na mwelekeo kidogo kushoto, nimeziacha. Wachezaji wa hapa wanasema hiyo ndiyo "padi ya mwenyeji".

Jumla ya mradi: 430,500. Ndani yake, makosa yangu mwenyewe: kompresa 500, feni na kifurushi chake 35,000, mpira mnene 12,000, tundu la HDMI 6,000, bando la faili dogo 2,000. Yaani 55,500, nimemkata shemeji kwenye bili, kalipa nyingine yote ila 5,000 anayosema ni ya zile siku kumi na moja.

Namba 4 nimeichomoa lenzi na pawa saplai nikaziweka kwenye boksi. Ganda lake limerudi banda. Televisheni ya pili ilikuwa chini mno, sasa imekaa juu yake sawasawa.